Mwendo wa Ulimi na Mwendo wa Kiuno: Kazi ya Sisso katika Singeli ya Dar es Salaam

Lawama ya kwanza inayotupiwa singeli ni haraka. Mtu aliyezoea taarabu ya kuketi, au dansi la rumba ambalo gitaa huchukua muda wake kabla ya kusema neno, akisikia singeli kwa mara ya kwanza hudhani kuwa mashine imeharibika. Ngoma zinakimbia, kinanda kinalia kwa sauti nyembamba, na mwimbaji anasukuma maneno kama mtu anayefukuzwa. Husema basi kuwa huu si muziki bali ni papara ya vijana, na ya kuwa papara haina sanaa. Lawama hii haifai kupuuzwa, kwa maana ikiwa ni ya kweli, kazi ya kizazi kizima cha mafundi wa Dar es Salaam ni bure. Tena haifai kujibiwa kwa ushabiki. Njia iliyo bora ni kuichukua kazi ya fundi mmoja na kuipima. Fundi huyo ni Mohamed Hamza Ally, ajulikanaye kwa jina la Sisso, mtayarishaji wa muziki mwenye studio Mburahati, mtaa usio mbali na Magomeni na Kigogo, upande wa magharibi ya Kariakoo.

Ili kuifahamu kazi yake, ni lazima kuanzia Kariakoo kwenyewe, maana huko ndiko mji ulikojifunza kuchukua chombo cha kigeni na kukifanya kiseme lugha ya wenyeji. Hata jina la mahali hapo ni neno la kigeni lililogeuzwa: Waingereza waliita kikosi chao cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza Carrier Corps, na kambi ya kikosi hicho ilipokwisha, jina likabaki midomoni likiwa Kariakoo. Baada ya vita hivyo vyama vya beni vya Marini na Arinoti vilishindana mjini kwa ngoma zilizoiga matarumbeta na gwaride la askari wa Kizungu. Aliyetazama kwa haraka aliona mwigo tu. Aliyetazama vizuri aliona kuwa gwaride lilikuwa limefanywa ngoma, na ngoma imefanywa uwanja wa watu kupimana heshima, ulimi na ukarimu. Chombo kilitoka mbali, bali hoja ilikuwa ya hapa.

Miongo ilipita, na desturi hiyo haikukatika. Wazaramo, ambao mji huu ulijengwa katika nchi yao, walikuwa na ngoma nyingi za arusi na za unyago, na mdundiko wao ulitembea barabarani ukikokota watu nyuma yake. Vijana wa mitaa ya kawaida walipopata vinanda vidogo vya Casio, vile ambavyo katika nchi nyingine hununuliwa kuwa michezo ya watoto, walivitia katika ngoma hizo, wakaunganisha vipaza sauti vilivyochakaa, na ukazaliwa mchiriku. Kundi la Jagwa Music, lililoanza mapema katika miaka ya 1990, liliupiga muziki huo kwa kinanda, ngoma na kigoda kinachochapwa kwa fimbo. Santuri yao, Bongo Hotheads, ilitolewa Ubelgiji mwaka 2012. Ndani yake yamo yote ambayo baadaye yaliitwa mageni katika singeli: sauti nyembamba ya kinanda, mdundo usiopumzika, na mwimbaji anayesimulia taabu za mtaani bila kuzipamba.

Singeli ilitoka katika nyua hizo hizo. Katika sherehe za usiku kucha ziitwazo vigodoro, mchezesha santuri alichukua sehemu ya taarabu isiyo na mwimbaji, akairudia rudia na kuiongeza kasi, na kijana mmoja akashika kipaza sauti akatongoa maneno juu yake. Hapakuwa na bendi ya kulipwa wala vyombo vya kukodi. Sherehe hizo zililaumiwa sana kwa kelele na kwa mambo yaliyotendeka usiku, na viongozi wa serikali walizikataza mara kwa mara. Walakini umaskini wa vyombo ulizaa utajiri wa ufundi. Kipande kifupi cha muziki kinachorudiwa hakisemi jambo jipya chenyewe. Kinamlazimisha anayekishika atafute upya katika namna ya kukikata, kukiharakisha na kukirudisha. Hapo ndipo kazi ya mtayarishaji ilipopata heshima yake.

Studio ya Sisso ni mtoto wa hali hiyo. Waliopitia mikononi mwake au waliofanya kazi kando yake, kama Bamba Pana na Jay Mitta, hawakuhitaji chumba chenye kuta za kuzuia mwangwi wala mitambo ya thamani kubwa. Walihitaji kompyuta, spika, kipaza sauti, na programu zinazopatikana kwa urahisi. Mojawapo ya programu hizo ni Virtual DJ, iliyobuniwa ili mchezesha santuri aunganishe nyimbo za watu wengine. Mafundi wa singeli waliigeuza kuwa ala: vidole hucheza juu ya vibonye vya kompyuta, kipande hukatwa na kuitwa tena kabla hakijamaliza pumzi, na kile kilichowekwa kwa ajili ya kupitisha wimbo kinakuwa ngoma ya kupigwa kwa mikono. Aliyeona Sisso akifanya kazi jukwaani ameona mtu anayepiga kompyuta kama mpiga ngoma apigavyo ngozi. Hilo nalo ni jambo la Kariakoo, yaani chombo kufanya kazi ambayo aliyekiunda hakuiwazia.

Sasa na ipimwe ile haraka. Singeli huenda kwa mapigo kati ya 200 na 300 kwa dakika moja. Muziki wa dansi wa kompyuta ulioanzia Chicago katika miaka ya 1980, ambao umeenea duniani kote, aghalabu huenda kwa mapigo 120 hivi. Kwa hesabu hiyo singeli inaonekana kukimbia karibu mara mbili au zaidi. Bali hesabu haijakamilika mpaka liulizwe swali la pili: ni nani katika muziki huu anayefuata kila pigo?

Mchezaji hafuati kila pigo, kwa kuwa mwili wa mwanadamu haumruhusu. Mapigo yakiwa 240 kwa dakika, mguu ukikanyaga kila pigo la pili, mchezaji anakwenda kwa mapigo 120, mwendo ule ule wa Chicago. Kiuno kikizunguka kwa kila pigo la nne, kinakwenda mara 60 kwa dakika, sawa na mshale wa saa unaohesabu sekunde. Ndiyo sababu mtu anayesimama ukutani akitazama uwanja wa singeli hushangaa kuona kuwa ngoma zinakimbia lakini wanawake wanaocheza hawakimbii. Kiuno kina utulivu wake, na utulivu huo ni urithi wa chakacha na wa ngoma za ndani.

Anayefuata kila pigo ni ulimi. Msomaji achukue mshororo wa shairi la kawaida la Kiswahili, wenye mizani 16, nane kwa nane. Kila silabi ikiwekwa juu ya pigo moja katika mwendo wa mapigo 120, mshororo mmoja utachukua sekunde 8, na hakuna msemaji wa Kiswahili awezaye kuzungumza polepole kiasi hicho bila kuonekana mgonjwa. Katika mwendo wa mapigo 240, mshororo huo huo unachukua sekunde 4, na kila kipande cha mizani nane kinachukua sekunde 2. Huo ni mwendo wa mtu anayesema kwa nafasi. Katika mapigo 300 ni sekunde 3 na kidogo, mwendo wa mtu anayesema akiwa amechangamka. Basi kile kinachoitwa papara ni ngoma iliyopandishwa mpaka ikalingana na silabi. Kiswahili ni lugha ya silabi zilizo wazi, kila moja ikiishia kwa irabu, au ikisimama yenyewe kama ile m ya mtu. Silabi za namna hiyo hukaa juu ya pigo bila kusongamana. Mwimbaji wa singeli hana haja ya kuyabana maneno kati ya pigo na pigo kama wafanyavyo wenye mwendo wa polepole. Anaziweka silabi zake juu ya mapigo moja moja, kama mtu anayepanga shanga katika uzi.

Kwa hiyo singeli ina miendo miwili kwa wakati mmoja: mwendo wa ulimi na mwendo wa kiuno. Ulimi unahesabu kila pigo, kiuno kinahesabu pigo la nne. Mtayarishaji ndiye anayesimama katikati, na kazi yake ni kuhakikisha kuwa hakuna mmoja anayemsahau mwenziwe. Akitilia nguvu mapigo yote sawa, kiuno kinapotea na kinachobaki ni mtetemeko. Akitilia nguvu pigo la nne peke yake, ulimi unakosa pa kukanyaga. Hicho ndicho kipimo cha haki cha kuipimia kazi ya Sisso, wala si kelele, wala si kasi tupu.

Kwa kipimo hicho, mkusanyo uitwao Sounds of Sisso una thamani ya pekee. Ulitolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes, kampuni ya Kampala iliyo na uhusiano na tamasha la muziki lililoanza Jinja, kando ya Mto Naili, mwaka 2015. Ndani yake sauti za waimbaji zimo, na studio inasikika kama uwanja: wako wengi, kila mmoja ana zamu yake, na mtayarishaji anawafungulia njia. Kinanda kinapoanza kujibu neno la mwimbaji, mapigo ya chini hupungua ili neno lisikike. Neno likiisha, mapigo hurudi kwa nguvu ili miguu ilipwe subira yake. Huo ndio ufundi wa manju wa zamani, ambaye alijua wakati wa kuimba na wakati wa kuiachia ngoma.

Baada ya mkusanyo huo mlango ulifunguka. Bamba Pana alitoa Poaa mwaka 2018, akazunguka Ulaya pamoja na mwimbaji Makaveli. Jay Mitta alitoa Tatizo Pesa mwaka 2019. Duke, mwenye studio ya Pamoja Records, alitoa Uingizaji Hewa mwaka huo huo. Sisso mwenyewe alitoa Mateso, naye mwaka 2019. Majina ya kazi hizi yanastahili kutazamwa. Ni nadra mtu kuita muziki wa furaha kwa jina la mateso, au la ukosefu wa pesa, au la haja ya kupata hewa. Ni majina ya watu wanaoishi katika nyumba zilizobanana, na wanaojua kuwa ngoma haiondoi taabu, ila inaipa mahali pa kukaa mpaka kukuche.

Katika Mateso ndipo mhakiki anapopaswa kusema kwa uangalifu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haina mwimbaji. Muziki umetolewa uwanjani, ukapelekwa kwa wasikilizaji ambao wengi wao hawajui Kiswahili, na ulimi umeachwa nyumbani. Sisso amelitambua pengo hilo na amejaribu kulijaza. Vipande vya sauti vimekatwa na kurushwa mpaka vikawa mapigo, milio ya vichekesho na ya michezo ya kompyuta imepewa nafasi ya mzaha ambao mwimbaji angeutia, na kinanda kinapayuka kama mtu mwenye hoja. Mahali pengine jaribio hilo limefaulu sana, na msikilizaji anaona kuwa mashine inasema hata kama haitamki. Mahali pengine halikufaulu. Milio inafuatana bila mmoja kumjibu mwingine, na kasi, ambayo iliwekwa kwa ajili ya silabi, inabaki bila silabi. Hapo lile neno la walaumu linapata ukweli kidogo. Papara ni kasi iliyompoteza bwana wake.

Kosa hilo ni la soko zaidi kuliko la fundi. Waandishi wa Ulaya walipoisikia singeli walitafuta cha kuifananisha nacho katika nchi zao, na wengi walitaja gabber, muziki wa kasi uliozaliwa Rotterdam. Ulinganisho huo una manufaa kwa kumwongoza mgeni mlangoni, lakini humpotosha akishaingia. Gabber huponda: pigo lake kubwa linamwangukia msikilizaji kama nyundo, na kasi yake ni kasi ya nguvu. Singeli hutatarika. Pigo lake ni jepesi, nguvu yake iko juu, mahali pa sauti nyembamba, pale ambapo mwanadamu hutamka. Asiyeisikia lugha ndani ya mapigo hayo atasikia nguvu peke yake, ataisifu kwa ukali wake, na fundi anayetaka kumpendeza ataongeza ukali na kupunguza usemi. Sifa kutoka mbali zina hatari hiyo. Humlipa mtu kwa nusu ya kazi yake, mpaka anaanza kuamini kuwa nusu ndiyo yote.

Nyumbani nako kuna nusu nyingine, na kosa la nyumbani halipungui lile la ugenini. Dar es Salaam humjua mwimbaji. Msaga Sumu alipewa ufalme wa singeli na wapenzi wake. Man Fongo aliposikika nchi nzima mwaka 2016 kwa wimbo wake Hainaga Ushemeji, watu walishika maneno na kuyafanya misemo. Ni wachache waliouliza ni nani aliyetengeneza mapigo. Katika maduka na meza za Kariakoo, kwenye mitaa kama Aggrey na Msimbazi ambako simu na vifaa vyake huuzwa, kwa miaka mingi mtu aliweza kulipa pesa kidogo akajaziwa nyimbo katika kadi ya kumbukumbu au katika flashi. Katika safari hiyo kutoka kompyuta moja hadi nyingine jina la mtayarishaji lilikuwa la kwanza kudondoka. Faili hubadilishwa jina, hunakiliwa, hufutwa ili kupisha nyingine. Muziki uliojaza mitaa mwaka mmoja hautafutiki mwaka wa pili.

Hivyo basi kazi ya Sisso imegawanywa na bahari. Ng'ambo linajulikana jina lake wala hayajulikani maneno yaliyoimbwa juu ya mapigo yake. Mtaani yanajulikana maneno, na jina lake ni la wachache. Ng'ambo kazi imetunzwa katika kaseti na santuri zenye tarehe na majina. Mtaani imetunzwa katika miili ya watu waliocheza, ambayo ni hazina kubwa lakini haiandikiki. Atakayetaka kuandika historia ya fani hii miaka 50 ijayo atakuwa na hatari ya kuandika historia ya zile kazi zilizotoka nje tu, na kudhani kuwa singeli ilikuwa muziki usio na maneno.

Kwa sababu hiyo kazi ya karibuni, Singeli Ya Maajabu, ambayo Sisso aliitoa mwaka 2024 pamoja na mpiga kinanda Maiko, ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Hapo mtayarishaji hayuko peke yake na mashine yake. Mtu wa pili ameketi kando yake, anakisikiliza kile kilichokatwa, anakijibu kwa vidole, na Sisso anamjibu. Mazungumzo yaliyokuwa kati ya mapigo na mwimbaji yamerudi kwa sura nyingine, kati ya kompyuta na kinanda. Kinanda hicho ni mjukuu wa kile cha mchiriku, na hakuna ubaya mtu kutambua nasaba yake. Bado maneno hayapo kama yalivyokuwa uwanjani, ila kuna kuulizana na kujibizana, na mahali palipo na majibizano pana hali ya lugha. Kiuno nacho kimerudishiwa haki yake: katikati ya mbio zote msikilizaji anaweza kulihesabu lile pigo la nne likipita kwa utulivu.

Ipo hoja ya mwisho ya walaumu, nayo ni kwamba maneno ya singeli yana matusi na ukali, na kuwa ni heri yakiachwa. Kweli yako maneno yasiyofaa kusemwa mbele ya wazazi, na hakuna sababu ya kuyatetea. Lakini mashairi ya kujibizana, taarabu za mafumbo na ngoma za beni pia zilikuwa na sumu yake, na hakuna mwanachuoni anayetaka kuzifuta. Kazi ya mhakiki ni kuchambua punje na pumba. Akizitupa zote kwa pamoja hana tofauti na asiyejua kupepeta. Tena kizazi kipya hakingoji ruhusa. DJ Travella, kijana wa mji huu, alitoa Mr Mixondo mwaka 2022, na kazi yake imeharakisha na kukatakata kuliko za waliomtangulia. Naye atahitaji mtu wa kumwambia kwa Kiswahili ni wapi amefanikiwa na ni wapi amepotea.

Mpaka sasa hukumu nyingi juu ya mafundi hawa zimeandikwa kwa lugha za watu ambao hawawezi kuhesabu mizani ya Kiswahili. Wamefanya walivyoweza, tena wengi wao kwa upendo. Lakini pigo lililowekwa ili kubeba silabi haliwezi kupimwa kikamilifu na asiyeisikia silabi. Kipimo kiko kwa wasomaji wa Kiswahili, ambao wamefundishwa vina na mizani tangu darasani, na ambao wengi wao wameona haya kukipeleka kipimo hicho Mburahati. Wakikipeleka, watakuta kuwa Sisso hakuuvunja utaratibu wa zamani. Aliuongezea mwendo mpaka ngoma ikaweza kwenda sambamba na ulimi, na pale alipoukosa utaratibu huo, aliukosa kwa sababu ulimi ulikuwa umeondolewa uwanjani.

Wasipokipeleka, kadi zitaendelea kufutwa katika meza za Kariakoo, na wajukuu watalazimika kuuliza ng'ambo ni muziki gani uliochezwa katika ua wa nyumba yao.